Njiani

Siku ya nne kope zilifungana.
Nilidhani ni usingizi tu, usingizi mrefu wa wachanga.
Nikalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu,
nikapanguza nilichokiita matongotongo:
ukatoka usaha wa manjano, mzito kama siagi,
ukajaa tena kabla sijakunja kitambaa.

"Moshi," akasema Dulamsuren, mama mkwe wangu.
Nani asiyeusingizia moshi huku mtaa wa mahema?
Januari, makaa ya mawe usiku kucha jikoni,
Ulan Bator nzima imejifunika gubigubi
na jua huchomoza saa tatu kasoro, limeshachoka.
Akachemsha chai nyeusi, akaipoza,
akamwosha kwa pamba, jicho la kulia, jicho la kushoto.
Akaniambia nikamue ziwa, tone kwa tone, juu ya kope.
Nikakamua.
Maziwa yakatiririka shavuni kama machozi ya mtu mwingine,
maana yeye hulia kavu,
hajajaliwa bado machozi yake.

Usiku kope zikavimba kama midomo ya mtu aliyepigwa.
Dulamsuren akachovya kidole kwenye masizi ya chungu,
akampaka kwenye paji la uso,
ili mashetani wa njiani wamdhanie sungura.
Tukamfunga kwa ngozi ya kondoo.
Teksi haikuwa na kipasha joto;
pumzi zetu ziliganda kiooni
na dereva alikwangua kijishimo cha kuonea kwa kadi ya benki.

Daktari alikuwa msichana mwenye ndara za sufu.
Alivaa miwani ya plastiki kabla hajamgusa.
Hapo nikaogopa.
Akabandua kope kwa vidole gumba viwili,
usaha ukamrukia kwenye miwani. Hakushtuka.
Akainamia kwa tochi, akakaa sana.
"Kioo cha jicho kizima bado," akasema. "Mngengoja kesho,"
na sentensi akaiacha hapo, akafuata sindano.

Jina? Hajapewa.
Akaandika: *Wa Tsolmon. Kike. Siku nne.*

Kisha akamwomba mama mkwe atupishe.
"Si moshi. Nimeona kwenye darubini. Ni kisonono.
Amekipata njiani."
Nikawaza teksi. Nikawaza ile ngazi yenye barafu,
mkono wa dereva, ngozi ya kondoo.
Yeye akaninyamazia, kwa upole,
mpaka nikaelewa kwamba njia ni mimi.

Nami njia yangu ilipitwa na nani?
Mtu mmoja, miaka sita, mtu mmoja tu:
Batjargal, lori la makaa, kusini hadi mpakani,
foleni ya siku nane jangwani, injini hazizimwi,
na vibanda vya chai vyenye mapazia.
Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua.
Huyu kaumbuliwa na bintiye,
ambaye haoni bado kupita shubiri mbili.

Nilimpigia pale pale, mtoto kifuani.
Upepo ulivuma kwenye simu yake.
Akauliza, "Anafanana na nani?"
Nikasema, "Sindano ni tatu.
Yake ameshadungwa. Yangu naisubiri.
Ya tatu inakutafuta huko uliko."
Upepo tu. Kisha hata upepo ukakatika.

Kila saa, maji ya chumvi, kutoka puani kwenda sikioni,
kila saa, hata mikono yangu ikanuka bahari
ambayo sijawahi kuiona.

Alfajiri Dulamsuren aliingia na chupa ya chai.
Akanitazama. Akatazama kitako changu kinavyokwepa kiti,
mahali sindano ilipopita.
Akafungua kinywa kuuliza, akakifunga.
Akalamba kidole,
akafuta masizi kwenye paji la mjukuu, polepole, yote.

Jicho la kushoto likafunguka, ufa mwembamba,
jeusi, lenye maji,
likatangatanga, likagota usoni pangu.
Sikujua niweke uso gani.